Mbuzi Saba Zinangoja Jibu

*Ndosho, tarehe 11 mwezi wa sita 2012*

Kwa Masika Charline, muganga wa Bunagana, mujukuu wangu kama bado anakumbuka kwamba ni mujukuu wa mutu,

Amani ya Bwana ikukute huko uliko, hata kama hautaki kukutwa. Huku tuko wazima. Magoti yananiuma lakini yananifikisha misani. Bati la jikoni linavuja fasi ile ile uliyoahidi kuziba. Padiri mupya anahubiri mbio mbio kama mutu aliyeacha chungu kwenye moto. Mwasiti muuza samaki sambaza anakusalimia, na sambaza zake zimekuwa ndogo, anasema ni vita. Kila kitu sasa ni vita.

Unajiuliza juu ya nini naandika na simu iko. Jumapili nilikupigia, nikasema, "Charline, na mbuzi?" Ukasema, "Koko, reseau inakatika." Jumatano nikakupigia tena. Tukaongea mvua, tukaongea maharagi, reseau safi, nasikia mpaka kuku wa jirani yako. Nikasema, "Na mbuzi?" Reseau ikakufa. Sasa hiyo reseau inajua Kiswahili? Barua haikatikake. Na Mahamudi dereva nimemuambia asitoke mbele yako mpaka aone macho yako yamefika kwenye jina langu chini.

Nakukumbusha, kama vile umesahau. Juma kisha Pasaka, Muzee Édouard wa Butembo alileta mbuzi saba juu ya kijana wake Hilaire. Baba yako mudogo Samy akazipokea, akakula wali, akarudi Beni, akaniachia kamba. Desturi ya nyumba yetu unaijua. Mbuzi za kubisha hodi zinafungwa kwa lupango, ndani ya kiwanja cha nyumba, zinangoja binti. Binti akizikatia majani na mukono wake, amekubali. Akizifungua kamba na mukono wake, amekataa, zinarudi kwao na heshima. Mutu mwingine hawezi. Majani ninayozipa mimi ni ya kulisha wageni, hayasemi kitu. Na mpaka ujibu, siwezi kuchinja, siwezi kuuza, siwezi kuzihamisha hata hatua mbili.

Na hapa ni Ndosho, mama. Hapa ni mawe meusi ya volkano. Majani gani inaota juu ya jiwe? Nayafuata karibu na Mugunga na haya magoti. Wiki jana nilichelewa, zikakula pazia, zikakula kona ya diplome yako, zikakula katekisimu yangu yote isipokuwa kurasa za ndoa. Hata mbuzi zinachoka na hii habari.

Kontra yako ya kazi inaisha mwisho wa mwezi. Bunagana si Ulaya. Kuja. Ndiyo au hapana, lakini ufike na mudomo wako na mukono wako.

Mimi niliyekulea tangu baba yako afe,
Koko Marcelline, miaka mitatu kwa masista, na mwandiko wangu unapita wako

*Bunagana, tarehe 24 mwezi wa sita 2012*

Koko mupendwa,

Nimesoma barua yako mbele ya macho ya Mahamudi. Nilimupa kiti akae, akakataa, akasimama kama askari mpaka nimefika kwenye jina lako. Niko muzima. Nakula. Najua ungeuliza.

Huku watu wanavuka Uganda asubuhi na magodoro kwenye kichwa, mangaribi wanarudi wakisikia kumetulia, kesho tena vile vile. Kituo chetu kina vitanda kumi na wagonjwa ishirini na wanane. Kontra yangu inaisha kweli, lakini buro imenipa ingine, sijajua fasi gani. Wenzangu wananiuliza namna gani natoka kazi moja naingia ingine bila kuvunjika. Nawaambia mambo mawili tu: mufuko mumoja, na remise-reprise. Siku ya mwisho siachi funguo kwenye meza na kuenda. Natembea na yule anayenipokea, kitanda kwa kitanda. Huyu mama haogopi sindano, anaogopa mulango ukifungwa. Huyu mutoto hanywi dawa mpaka dada yake aonje kwanza. Naandika yote kwenye kaye, ile daftari yangu, mimi nasaini, ye anasaini. Kisha napanda gari, nalala usingizi bila deni kwa mutu.

Ile habari ingine tutaiongea tukionana.

Nimetuma pommade ya magoti. Upake mara mbili kwa siku, na usimupe Mwasiti.

Mujukuu wako,
Charline

*Ndosho, tarehe 22 mwezi wa saba 2012*

Kwa yule anayelala usingizi kwenye gari,

Salamu. Tuko wazima, mimi na mbuzi, na ziko nane sasa, moja imezaa. Pommade nilipaka, inanuka kama buro ya serikali. Mwasiti nilimupa kidogo, usiniambie kitu.

Tarehe sita tulisikia kwenye radio kwamba Bunagana imeanguka. Nikapiga simu yako. Haikulia. Nikapiga mpaka betri ikaisha, nikaenda kuichaji kwa kijumba cha kona, nikakaa pale pale chini kwenye mawe kuingoja. Siku moja. Siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa padiri, nikamuambia asome misa, lakini asiseme kama ni ya muzima au ya marehemu, juu mimi mwenyewe sijui. Akasema misa ya namna hiyo haipo. Nikamuambia aitafute.

Tarehe kumi na tatu Mwasiti akatoka Himbi kuuza samaki kwenye nyumba za wakubwa. Akaingia kwangu anacheka. "Koko, nimemuona Charline! Kwenye mulango wa buro yao, na mufuko wake kwenye mugongo, anakula ndizi!"

Ndizi.

Nikasema atafika mangaribi. Nikapika sombe. Nikasema atafika kesho. Sombe nikakula mimi. Siku ya tatu nikatuma mutu Himbi, mulinzi akamuambia mumeshaenda. Kutoka Himbi mpaka Ndosho, kwa moto ya pikipiki, ni muda wa kusema rozari nusu, na mimi nasemaka polepole. Ulilala siku tatu muji mumoja na mimi, na mimi nakuombea misa isiyokuwa na jina.

Unatembea kitanda kwa kitanda na watu usiowajua. Na kitanda changu mimi?

Niko na wageni. Mwanamuke moja wa Rutshuru, jina Mukamugema, na watoto wake watatu. Nilimukuta amekaa kwenye mulango wa kanisa na sufuria moja. Analala jikoni, pale panapovuja. Anataka kunisaidia kukata majani na ninamuachia, juu yeye ni mugeni na mbuzi ni wageni, wageni kwa wageni haina shida. Anauliza, "Hizi mbuzi ni za nani?" Namuambia, "Ni za swali."

Ujibu. Hii barua Mahamudi anaileta fasi yoyote uliko. Yeye anajua kupita barabara zote, wewe unajua kupita zote isipokuwa moja.

Koko Marcelline

*Kitchanga, tarehe 12 mwezi wa nane 2012*

Koko mupendwa,

Nimestahili yote uliyoandika, na ndizi pia.

Habari kwanza: tulitoka Bunagana kwa upande wa Uganda, muchana mumoja na usiku mumoja kwa miguu na kwa lori. Niko muzima. Sikufanya remise-reprise. Hakukuwa na mutu wa kunipokea. Wale waliokuwa na nguvu walitembea na sisi, na wale wengine nilisoma majina yao kwa sauti nikiwa kwenye mulango, kisha gari ikaondoka. Ile kaye ninayo mpaka leo. Tafazali usiniulize zaidi.

Himbi nilikuwa siku tatu. Walitupa mukutano, nguo, na kontra mupya ya hapa Kitchanga. Nilichukua moto mara mbili kuja kwako. Mara ya pili nilifika mpaka kona ya kisima. Nikasikia mbuzi. Nikamuambia motari ageuze.

Mahamudi anasema unatembea na fimbo sasa. Haukuniandikia habari ya fimbo. Nimemupa gunia moja la majani ya viazi vitamu, huku yanaota mpaka kwenye njia. Ni juu ya magoti yako, upumuzike hata siku nne. Si jibu, Koko. Ni chakula tu.

Umusalimie Mukamugema. Aweke chumvi kwenye maji ya watoto wakihara, na sukari, nusu kijiko cha chai na sita kwa litre moja. Usisahau: chumvi ndio nusu kijiko.

Charline

*Ndosho, tarehe 2 mwezi wa tisa 2012*

Charline,

Salamu ni fupi leo, juu nina hasira na kalamu inatoboa karatasi. Tuko wazima. Watoto wa Mukamugema walihara, wakapona, nusu kijiko na sita. Sasa sikia ulichofanya.

Siku Mahamudi anafika na gunia lako, Donatille alikuwa hapa. Ndiye shangazi wa Hilaire. Alikuja kuangalia kama mbuzi zao zinakonda, amekaa kwenye kiti changu, anahesabu mbavu zao. Mahamudi alikuwa na Ramadani yake, kiu imemukausha akili. Akatupa gunia chini mbele ya lupango, akaita na sauti ya kuuzia watu safari: "Hodi! Majani ya Charline, kwa mbuzi zake!"

Zake! Nani alimufundisha "zake"?

Donatille akaruka. Akapiga vigelegele mpaka kikwembe kikamutoka kiunoni. Majirani wakakuja. Mukamugema hajui kitu, lakini alisikia vigelegele, akaanza kucheza na watoto wake, na hakucheza tangu Rutshuru, nikashindwa kumunyamazisha. Mbuzi zikaingiza vichwa kwenye gunia. Mimi nasimama katikati na fimbo (ndiyo, niko na fimbo, ni ya kufukuzia mbuzi) nasema, "Ngojeni! Ngojeni!" Nani anangoja kwenye furaha?

Barua yako nilisoma wakisha kuenda. "Si jibu, ni chakula tu." Nikaipeleka kwa Donatille na miguu yangu. Akasoma, akanirudishia, akasema, "Mama Marcelline, karatasi si mukono. Kwenu jibu ni mukono." Na ni kweli. Ni desturi yetu wenyewe anatupigia nayo.

Wameshapanga siku. Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Muzee Édouard amelipa mutu wa kupaka rangi nyumba ya arusi.

Umefika muji huu, haukuingia. Na siku moja unatuma majani, umeingia mbali kuliko mutu aliyelala ndani. Wewe mwenye diplome! Hata mutoto wa sikola ya kwanza wa ukoo wetu anajua: mbuzi za kubisha hodi hazitumiwi majani!

Sasa nakuuliza neno moja, na ujibu hilo tu, usiniambie habari ya chumvi. Yale majani, nani aliyakata? Kama ni mulinzi, kama ni mugonjwa, kama ni mutu yeyote, naenda kwa Donatille kesho na hii habari inakufa. Kama ni wewe, ni wewe.

Nani alikata?

Koko Marcelline

*Kitchanga, tarehe 30 mwezi wa tisa 2012*

Koko mupendwa,

Habari ya hapa ni mvua. Tumepata wagonjwa wapya toka milimani, na mwenzangu mumoja amerudi kwao, kwa hiyo nafanya kazi ya wawili. Chakula kiko.

Nilikata mimi.

Bibi ya mulinzi alitaka kunisaidia, nikakataa. Nilitoka kazini, nikakata na mukasi wa bandeji, juu kisu kilikuwa kwa jikoni ya wagonjwa. Nilikuwa nafikiri magoti yako. Gunia limejaa ndio nikakumbuka ninachofanya, nikaona tayari nimefunga kamba. Ningeweza kukuandikia kwamba ni mulinzi. Nimejaribu, karatasi mbili nimechana.

Hilaire si mutu mubaya. Ananipigia, anauliza kama nimekula. Amenitafutia pharmacie ya kuuza dawa Butembo, barabara ya soko, na kiti cha kuzunguka. Anasema, "Utakaa." Anasema kama zawadi, Koko, na kila mara akisema "utakaa" mimi nainuka pale nilipokuwa nimekaa. Mimi najua kufika fasi sijui mutu, na kisha siku tatu najua nani anaogopa mulango ukifungwa. Sijui kitu kingine.

Lakini kusema hapana mbele yako, kwenye lupango ulipolisha zile mbuzi na magoti yale, siwezi. Najua unataka nini. Wote wanataka. Kwa hiyo ujibu wewe kwa nafasi yangu. Neno lolote utakalosema nitalifuata. Ukisema nakuja tarehe nane nimevaa nguo nyeupe, nakuja. Natia saini hapa chini.

Masika Charline

*Ndosho, tarehe 21 mwezi wa kumi 2012*

Mujukuu wangu,

Tuko wazima. Mbuzi ndogo imejifunza kupanda juu ya ukuta. Mukamugema ameziba bati, kumbe lilikuwa kazi ya dakika tano.

Saini yako nimeikata na mukasi, nimeitia kwenye moto. Usinitumie tena kitu kama hicho.

Sasa kaa chini. Nina habari sijamuambia mutu, hata baba yako.

Mimi pia mbuzi zilinikuja. Lubero, kwenye boma la baba yangu, mbuzi kumi na mbili. Nilikuwa kitandani na homa, sijui kama ni asubuhi au mangaribi. Mama yangu akaona zinalia na njaa, watu wa bwana wanangoja, mimi siinuki. Akachukua kisu, akakata majani, akasema kwa sauti, "Ni mukono wa Marcelline huu, mimi nimeuazima tu." Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilivisikia ndani ya homa, nikafikiri ni ndege. Nilipopona nilikuwa muke wa mutu.

Babu yako alikuwa mutu mwema. Hakunipiga, hakunywa mushahara. Usiniambie habari ya wema wake, naijua kuliko wewe. Nilimuzalia watoto saba, nikazika wane, nikamuzika yeye mwenyewe. Na mpaka leo, nikiwa nakata majani kule Mugunga, najiuliza: ile siku, kama ningeinuka, ningekata au ningefungua? Sijui, Charline. Miaka hamsini na sita. Pengine ningekata! Lakini sijui, na hakuna mutu wa kumuuliza.

Unasema unajua nataka nini. Haya, chukua barua zangu zote, najua unaziweka. Soma tena. Unionyeshe mustari nilioandika "ukubali". Unionyeshe mumoja tu! Mimi niliandika "kuja". Niliandika "ujibu". Ni Donatille anataka ndiyo. Ni Samy anataka ndiyo. Mimi miezi sita nauma meno nikikutaka ufike na mukono wako, na wewe unajificha nyuma ya kona ya kisima ukidhani nakuwinda.

Majani ya gunia yalikatwa na mukono wako, hiyo ni kweli. Lakini mukono uliokata unaweza kufungua kabla arusi haijafika. Hiyo pia ni desturi, na Donatille anaijua, ndiyo maana ana haraka na rangi.

Sitajibu kwa nafasi yako. Sitaazima mukono wa mutu. Njoo.

Koko Marcelline

*Ndosho, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2012*

Charline,

Niko muzima. Naanza na hiyo juu najua sasa ni wewe unayekaa chini kwenye mawe.

Waasi wameingia muji. Moto wa umeme hakuna, maji hakuna, simu hakuna. Jumatatu mabomu yalianza upande wa aeroport, mabati yote yanatetemeka kama mutu mwenye malaria. Ndosho yote ikatoka kwenye njia ya Sake. Majirani wananiita: "Koko, inuka!" Mukamugema amefunga watoto kwa mugongo na kwa mukono, anasema, "Mama, twende, mimi najua kukimbia, nitakufundisha."

Nikasema sitoki.

"Juu ya nini?"

"Kamba."

Akatoa kisu akate. Nikaweka fimbo yangu kati. Nikamuambia hizi kamba kuna mutu mumoja tu wa kuzifungua, na ikiwa mimi nitaziacha zikufe hapa zimefungwa, nitakuwa nimejibu kwa nafasi ya mutu. Akaniangalia kama muwazimu. Akaweka watoto chini. Akakaa. Tulilala wote jikoni, sisi watano na mbuzi zikilia nje, kamba zao ndefu mpaka mulangoni. Risasi moja ilipita kwenye bati. Ni lile lile alilolitengeneza, tena linavuja.

Usiniite shujaa, na usiniite mujinga. Nina miaka sabini na tatu, nilikuwa nimechoka na hasira, na hasira yenyewe ni yako.

Nampa motari hii barua. Akikosa kukupata, ulishajua neno lenyewe.

Koko

*Sake, tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 2012*

Koko, barua imefika, karatasi imelowa, nimesoma. Kitchanga nimemaliza, nimekabidhi kitanda kwa kitanda. Niko kwenye njia, natembea kwa miguu juu magari hayapiti. Umuite Muzee Édouard na Donatille kesho. Na Hilaire, lazima wameshafika kwa arusi. Usiguse kamba. C.

*Ndosho, tarehe 13 mwezi wa kwanza 2013*

Kwa Masika Charline, muganga wa Minova kwa miezi mitatu, na kisha hapo Mungu ajua,

Heri ya mwaka mupya. Tuko wazima. Moto wa umeme umerudi, unaenda, unarudi. Mwasiti anakusalimia. Padiri amepunguza mbio tangu mabomu, sasa tunachoka kwa upande mwingine.

Naandika juu ulitoka hapa vibaya, na mutu lazima akuambie.

Kwanza, ulifika na miguu yenye damu, haukutaka kukaa, haukutaka kula. Ulienda moja kwa moja kwa mbuzi, mbele ya watu, na kaye yako. Donatille anafikiri unaleta mufuko wa majani, ameshafungua mudomo wa vigelegele. Na wewe unaanza: "Muzee Édouard, tafazali unifuate." Ukamutembeza muzee wa watu, na kofia yake, mbuzi kwa mbuzi! "Huyu mweupe anakohoa asubuhi, si ugonjwa, ni vumbi la volkano. Huyu amezaa, hapendi kukamuliwa. Huyu dume anakula karatasi, mumuwekee mbali vitabu." Maneno yangu yote niliyokulilia miezi nane, kumbe ulikuwa unayaandika. Kisha ukamupa kalamu asaini, ukapiga magoti, ukafungua kamba moja moja.

Mbele ya Hilaire ulisema, "Hapana, na ni mimi." Ulisema kwa sauti ndogo lakini kila mutu alisikia. Hiyo ilikuwa sawa.

Haukungoja kusikia yaliyofuata, ulikuwa umeingia ndani kujificha. Mimi nilikuwa nje. Donatille alilia juu ya rangi. Muzee Édouard aliangalia saini yake kwenye kaye, akasema, "Nimekataliwa mara mbili maisha yangu. Mara ya kwanza walinitupia mawe. Hii mara wamenipa na habari ya kikohozi." Akacheka mpaka akashika ukuta. Hilaire hakucheka. Alishika kamba saba kwenye mukono mumoja, akaniambia, "Koko, angeniambia mwezi wa nne, ningepumua tangu mwezi wa nne." Hiyo ni deni lako, utaibeba. Kisha muzee akaniachia ile ndogo iliyozaliwa hapa, akasema ni ya majani ya Koko.

Hayo yote ni sawa. Sasa nafika kwenye kosa.

Siku uliyoenda Minova, Mukamugema akaniambia asubuhi, "Mama, inua muguu mara kumi." Nikasema, "Wewe ni nani kunituma?" Akasema, "Imeandikwa." Akatoa karatasi chini ya sufuria. Karatasi ya kaye yako! Nimeisoma yote. "Koko Marcelline, miaka 73. Goti la kuume baya kuliko la kushoto, lakini atakuonyesha la kushoto. Ainue muguu mara kumi kila asubuhi. Chumvi kidogo. Ukimuuliza kama anaumwa atasema hapana. Angalia namna anavyoshika mulango. Analia akidhani hakuna mutu, umuache amalize, kisha umupe chai. Anaogopa simu ikikatika." Chini saini yako, na kidole cha Mukamugema kwenye wino.

Umenikabidhi! Kama kitanda namba tatu! Na mutu aliyekuja kwangu na sufuria moja ndiye amenipokea!

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliinua muguu. Mara sita tu, kumi ni ya vijana.

Lakini karatasi yako ina kosa, na mimi nimesoma kwa masista, kosa silipiti. Zile zingine kwenye kaye yako niliziangalia usiku ule ulipolala hapa. Kila karatasi ina mistari mitatu chini: anayekabidhi, anayepokea, na tarehe ya kurudi. Kwa wagonjwa wa Bunagana umeweka msalaba kwenye ule mustari wa tatu, najua juu ya nini, sikuulizi. Kwa karatasi yangu haukuweka msalaba, haukuweka tarehe. Uliacha wazi.

Nakurudishia hiyo karatasi ndani ya hii barua. Mahamudi amesimama mbele yako, na safari hii sikumuambia angoje macho. Nimemuambia angoje kalamu.

Ile mbuzi ndogo sijaifunga. Inatembea inavyotaka, na mangaribi inarudi yenyewe.

Jaza tarehe.

Koko wako, mwenye goti la kuume,
Marcelline